Kwa Nini Waliniita Mvumbuzi

Miezi minne imepita tangu nistaafu, na bado naamka alfajiri nikipapasa chini ya kitanda kutafuta viatu vya kazi. Viatu vyenyewe niliviacha ofisini. Wiki iliyopita Neema, kijana aliyerithi meza yangu katika kitengo cha upimaji wa ardhi hapa Tabora, alinipigia simu. Nilidhani ameshindwa kufungua kabati la ramani, maana kitasa chake hukwama usipokiinua kidogo kabla ya kuzungusha ufunguo. Kumbe alikuwa na swali.

"Mama Sesilia, shikamoo. Huku mitaani kila nikijitambulisha naambiwa, 'Aa, wewe ndiye uliyechukua nafasi ya Mvumbuzi.' Mvumbuzi wa nini, mama? Ulivumbua nini?"

"Marahaba," nikamwambia. "Nitakuandikia. Hiyo si habari ya kwenye simu."

Basi haya ndiyo maandishi yenyewe, Neema, nawe wape wenzako wayasome. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara aende kwenye jalada langu la utumishi, atazikuta zote na usingizi atapata. Mimi nitaandika habari za mtaimbo, majivu, na mzee mmoja aliyenifundisha kazi.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilitoka chuoni na cheti ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa sketi niliyoshonewa Nzega mahsusi kwa ajili ya kukaa ofisini. Mkuu wa kitengo alitazama cheti, akaitazama sketi, kisha akamwita mzee aliyekuwa amekaa ukumbini akinoa panga.

"Mzee Saidi, huyu ni wako."

Mzee Saidi alikuwa mwenyeji wa Tabora mjini. Babu zake walikuja na misafara ya kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Hakuwa na cheti hata kimoja. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa "mshika mnyororo", jina lililobaki tangu enzi ambazo wapimaji walipima kwa mnyororo wa chuma, ingawa sisi tulikuwa tunatumia futi kamba. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama jinsi nilivyoikumbatia theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kama mtoto mchanga.

"Hiyo inaona mbali sana, binti," akasema. "Sisi tunachokitafuta kiko chini ya miguu yako. Shika huu."

Akanipa mtaimbo. Ulikuwa mrefu kuliko mimi. Sketi ya Nzega haikumaliza siku.

Kwa wasiojua kazi yetu, niseme hivi. Kila kiwanja kilichopimwa kina bikoni kwenye kona zake: nguzo fupi ya zege, yenye chuma katikati na namba juu, iliyozikwa mpaka utosi wake unalingana na ardhi. Mwaka wa kwanza kila mtu anaiona. Ukirudi baada ya miaka ishirini, mvua imeleta udongo, mwenye nyumba amemwaga kifusi, mchwa nao wamejenga, na kona ya kiwanja imepotea. Hapo majirani huanza kusukumana, kwanza kwa maneno, halafu kwa miti ya ua. Tulikuwa tunaitwa wakati watu wamekwisha kununiana.

Mzee Saidi hakuchimba kabla ya kuuliza, na hakuwa akiwauliza wanaume. "Mwanamume atakuonyesha pale anapotaka bikoni iwe," aliniambia. "Muulize anayefagia uwanja. Ufagio unajua mahali unaporuka." Alikuwa anakaa na akina mama, anasikiliza habari za wajukuu na bei ya sabuni, halafu anauliza kama kwa bahati tu: hivi hapa uwanjani kuna mahali jembe hugonga? Mara nyingi palikuwapo.

Alinifundisha kusikiliza mtaimbo. Mzizi haulii, unameza. Jiwe la kawaida hulia kwa ukali na kuteleza. Zege hujibu "ko", sauti kavu, na ganzi hupanda hadi kwenye kiwiko. Alinifundisha pia kutazama ua wa minyaa: mnyaa uliopandwa juu ya zege huinama kama mtu mwenye kiuno kibovu. Chuoni hakuna aliyetufundisha hayo. Na mimi, kwa kiburi cha cheti, ilinichukua karibu mwaka kukubali kwamba yalikuwa yanafanya kazi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mara ya kwanza nililisikia kama tusi.

Tulikwenda kutafuta mawe ya zamani ya upimaji nje ya mji, kandokando ya njia ile ya misafara iliyokuwa ikielekea Ujiji. Wengi wenu mnajua imani ya watu wetu kwamba Mjerumani, alipokuwa anakimbia vita, alizika mali chini ya mawe yake ya alama. Kwa imani hiyo wamekuja watu wengi na majembe, wengine na ramani walizochora wenyewe, wamefukua mashamba ya watu, wamepasua makaburi, wamevunja mawe na kuacha mashimo ya kuvunja ng'ombe miguu. Watu hao wenyeji waliwaita wavumbuzi. Basi mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani alituona, akauona mtaimbo, akapiga kelele: "Wavumbuzi hao! Wamekuja tena!"

Kufumba na kufumbua tulikuwa tumezungukwa. Mzee mmoja mwenye fimbo alidai kibali. Kibali kilikuwa ofisini, ndani ya kabati lile lile la kitasa kibovu. Tangu siku ile sijatoka bila kibali mfukoni, na nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Mzee Saidi aliulaza mtaimbo chini, akaketi kando yake, akaanza kusalimia kwa Kinyamwezi. Alisalimia mmoja mmoja. Aliuliza habari za mvua, za watoto, za ng'ombe, za waliofiwa. Ilichukua muda mrefu kuliko ibada ya misa. Mwisho mzee mwenye fimbo alimtambua: baba zao waliwahi kufanya kazi pamoja relini. Kufika mchana tulikuwa tumekaribishwa nyumbani kwake, na mkewe alikuwa anatuchomea viazi vitamu.

"Mtazame mama," Mzee Saidi aliniambia. "Anafanya nini?"

"Anachoma viazi."

"Angalia vizuri."

Yule mama alikuwa anavisukumia viazi ndani ya majivu ya moto na kuvifunika. "Anavifukia kwenye majivu," nikasema.

"Anavivumbika. Hata ndizi mbichi ukizifukia ziive, umezivumbika. Sasa vikiiva akivitoa, amefanya nini?"

"Amevitoa," nikasema.

"Funika, funua," akasema akihesabu kwa vidole. "Anika, anua. Bandika, bandua. Vumbika?"

"Vumbua," nikasema, nikaona aibu. Mimi mwenye cheti.

Viazi vilipotolewa, nilimweleza kwamba shule ya msingi mwalimu wetu alitufundisha kuwa neno hilo limetoka kwenye vumbi, kwa sababu mvumbuzi huchafuka. Mzee Saidi alicheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Labda ni ndugu, mimi si mtu wa kamusi," akasema. "Lakini nakwambia nilivyosikia kwa bibi yangu. Mwokotaji anaokota kilichodondoka. Mgunduzi anajikwaa kwenye jambo, anashtuka nalo. Mvumbuzi ni mtu mwingine. Anafunua kitu ambacho mwenzake alikiweka kwa mkono wake, akakifunika, akitegemea kitaonekana tena. Kwa hiyo akishakifunua si chake. Kina mwenyewe."

"Na hawa wa mali ya Mjerumani?"

"Hao ni wezi wenye majembe. Wametuharibia neno."

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mama mmoja mkali sana wa sarufi, naye akakubali habari ya vumbika na vumbua bila kubisha, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Leo mashuleni mvumbuzi ni mtu aliyebuni mashine au dawa. Sina ugomvi nao. Ila mjue kwamba kabla ya mashine kulikuwa na majivu.

Kesi iliyonipa jina ilitokea mtaa wa Chemchem, nikiwa na miaka saba kazini. Kulikuwa na viwanja viwili vilivyopakana ubavu kwa ubavu. Kimoja kilikuwa cha Bi. Zuhura, mjane, mshona kofia, mwanamke aliyependwa na mtaa mzima. Cha pili kilikuwa cha Bwana Petro Maganga, Mkristo wa Kimoraviani, aliyekuwa gadi wa treni, mtu wa maneno machache na saa kubwa mkononi. Kati ya nyumba zao, kule nyuma, kulikuwa na kaburi dogo lenye mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Alizikwa hapo Salma, mtoto wa kwanza wa Bi. Zuhura, aliyefariki akiwa na miaka saba, zamani, kabla eneo lile halijapimwa viwanja.

Bwana Petro alitaka kuchimba shimo la choo upande ule. Alisema ardhi ni yake mpaka jikoni kwa Bi. Zuhura. Bi. Zuhura alisema mpaka uko kwenye mpapai, ng'ambo ya kaburi, upande wa Bwana Petro. Mtaa ulikuwa umegawanyika, na, kama inavyokuwa, waliozungumza kwa sauti kubwa zaidi hawakuwa na kiwanja pale.

Bikoni ya barabarani tuliiona kwa urahisi. Ya nyuma haikuonekana. Kurudi kwenye ramani, karatasi ilikuwa imekunjwa miaka mingi na mkunjo ulikuwa umekula tarakimu moja ya kipimo, ile hasa tuliyoihitaji. Mmoja ofisini aliisoma tatu, mwingine nane. Ikiwa tatu, kaburi ni la Bi. Zuhura. Ikiwa nane, ni la Bwana Petro. Mkuu alipendekeza tupande bikoni mpya kwa makadirio. Wenyewe wote wawili wakakataa. "Mnataka kuweka jiwe pale roho yenu inapopenda?" Bwana Petro aliuliza. Kwa hilo alikuwa na haki.

Mzee Saidi wakati huo alikuwa amelazwa nyumbani na mguu uliovimba, hivyo nilikwenda peke yangu. Siku mbili nilichimba kwenye mpapai. Nikiri hapa: nilichimba pale kwa sababu nilitaka iwe pale. Bi. Zuhura alikuwa ananiletea chai ya tangawizi kila siku saa nne, ananiita mwanangu, ananisimulia habari za Salma, jinsi alivyokuwa anapenda kuvaa kofia zinazosubiri wateja. Sikumuuliza swali la ufagio. Siku ya tatu nikaona aibu, nikauliza.

"Mama, kuna mahali popote hapa jembe au ufagio hugonga?"

Alifikiri. "Hakuna. Labda jikoni. Figa moja halikai sawa, tangu nijenge lile banda linayumba."

Adhuhuri ikaingia, akaenda kutawadha na kuswali. Mimi nikaingia kwenye banda la jiko. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Niliondoa lile figa linaloyumba, nikaondoa majivu kwa mikono, nikashusha mtaimbo taratibu. Ko. Ganzi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko.

Nilipangusa. Namba ilikuwa pale, imesomeka yote, safi kama imechongwa jana, maana majivu yalikuwa yameitunza. Nilisimama nikatazama kutoka pale hadi barabarani. Mstari ulipita katikati ya banda la jiko. Kaburi la Salma lilikuwa upande wa Bwana Petro, hatua tano nzima.

Kutoka ndani nilimsikia Bi. Zuhura akiomba dua kwa sauti ya chini. Hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Niliinama, nikachota konzi moja ya majivu, nikaimwaga juu ya ile namba. Ikapotea. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ningerudisha figa mahali pake, niandike "haikuonekana", na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Konzi ya pili ilikuwa tayari mkononi mwangu alipotokea mlangoni na ndara zake, ushungi bado umefungwa kwa sala.

"Umepata?"

Nimejiuliza mara nyingi ningejibu nini kama angekuwa amechelewa dakika moja. Sijui. Najua tu kwamba alinitazama usoni na sikuweza.

"Nimepata, mama. Lakini siyo pale tulipotaka."

Aliitazama mikono yangu. Akatazama majivu, kisha kaburi, akaupima mstari kwa macho yake mwenyewe. Hakuhitaji darubini. Alikaa kwenye kigoda.

"Funika," akasema. "Funika, mwanangu. Mimi nitapika hapa hapa, wewe utakwenda zako. Nani atajua?"

"Mama, nikifunika leo, iko siku atakuja mwingine kufunua. Wewe labda hutakuwapo. Naye hatajua kwamba aliyelala pale anaitwa Salma."

Hakulia. Alisema, "Basi kamwite," akageuza uso. Nilipotoka nilisikia akisema nyuma yangu, si kwa hasira ila kwa uchovu, "Na chai yangu yote ile." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi yote niliyopata kazini, na nimeyapata ya lugha nne.

Bwana Petro alikuja, amevaa kofia yake ya jua. Nilimwonyesha bikoni, nikamsomea namba, nikamwonyesha mstari. Nilisubiri atabasamu. Hakutabasamu. Alitembea mpaka kwenye yale mawe mawili, akavua kofia.

"Kumbe nilikuwa sahihi," akasema. Kisha akamgeukia Bi. Zuhura. "Mama Zuhura, huyu mtoto alikuwa na umri gani?"

"Miaka saba."

"Sikuwahi kuuliza." Aliizungusha kofia mikononi. "Mimi nilidhani mnanificha. Kila nikisema mpaka, naambiwa kaburi. Nikadhani habari ya kaburi imezushwa ili ninyang'anywe ardhi. Sasa nimeambiwa kweli, inatosha." Akanigeukia. "Binti, huu mpaka unaweza kuhamishwa kwa makubaliano?"

Nikamwambia unaweza, kwa maandishi ya wote wawili na upimaji mpya.

"Basi mama achukue huku nyuma, pamoja na jiko lake. Mimi nitachukua kipande cha ukubwa huo huo kule mbele. Choo nitachimba mahali pengine. Nisingeweza kutoa kitu ambacho sikujua kama ni changu."

Bi. Zuhura hapo ndipo alipolia. Alilia akiwa amesimama, ameshika nguzo ya banda, na Bwana Petro, gadi aliyezoea kupeperusha bendera na kupuliza filimbi, hakujua aweke wapi mikono yake. Makaratasi yalichukua muda kupita mezani kwa watu, lakini yalipita. Bikoni mpya niliifinyanga mwenyewe kwa zege, nikachonga namba kwa mkono wangu, nikaipanda huku wote wawili wamesimama pembeni wakigombana kirafiki kama imekaa wima. Ilikuwa wima.

Jioni ya siku ile ya majivu nilipita kwa Mzee Saidi. Alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mito miwili. Nilimweleza yote.

"Namba ilisomeka?" akauliza.

"Yote."

"Na majivu? Uliyarudisha?"

Sikujua amejuaje. "Konzi moja," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi niliwahi kurudisha yote."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Naye akaendelea akitazama ukuta. Hakusema ilikuwa wapi wala kwa ajili ya nani. Alisema alikuwa kijana, na mtu aliyekuwa anamhurumia alikuwa na watoto wengi, na aliamini anafanya wema. Familia ya upande wa pili ilihama mji. "Mpaka leo nikipita ule mtaa natembea upande mwingine wa barabara," akasema. "Miaka yote hii nimekufundisha lile neno, na mwenyewe sistahili kuitwa hivyo. Wewe unastahili. Kuanzia leo nitakuita hivyo mbele za watu, na atakayecheka atanijua."

Alipopona alifanya hivyo kweli. Sokoni, msikitini, ofisini: "Mvumbuzi amekuja?" Watu wakaiga. Nimepewa vyeti kadhaa vya utumishi bora katika maisha yangu, viko kwenye sanduku. Jina hilo sikuliweka sandukuni. Mzee Saidi alistaafu miaka miwili baadaye, na alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliokaa na wafiwa siku zote tatu.

Mashine zilikuja baadaye. Kilikuja kifaa kinacholia kikigundua chuma chini ya ardhi, nacho kikatugundulia vizibo vya soda, vijembe vilivyokufa, na mara moja sufuria nzima ya harusi. Kikaja kifaa cha setilaiti kinachokwambia umesimama wapi duniani. Nilikipenda, sitadanganya, kiuno changu kilikipenda zaidi. Lakini kifaa hakiwezi kumuuliza mama habari za ufagio, na Neema anajua kwamba nilimkatalia kutoka bila mtaimbo.

Miaka mitatu kabla sijastaafu tulipelekwa Lusu, Nzega, kusaidia kazi ya hati za mashamba ya kijiji. Lusu ni kwetu. Shamba la marehemu baba analilima mdogo wangu Emanueli. Nilimweleza kiongozi wa msafara kwamba shamba lile nisilishughulikie, akakubali. Lakini siku ya zamu yake, jirani yetu, mama mmoja mzee, alisema mpaka wa baba yangu na mumewe ulikuwa jiwe lililozikwa. Emanueli akasema hakuna jiwe, mpaka ni ule mstari wa minyaa. Kifaa cha chuma hakikusaidia. Jiwe halina chuma. Wazee wa kamati wakanigeukia.

"Mwangaluka, mama," mmoja akanisalimia upya, ingawa tulikwisha kusalimiana asubuhi. "Tunasikia huko mjini wanakuita Mvumbuzi. Tusaidie."

Nilichukua mtaimbo. Nililipata hatua sita ndani ya mahindi ya mdogo wangu. Plau ya ng'ombe haina nia mbaya, lakini kila msimu husogea kidogo, na mwenye plau hujifanya haoni. Wazee walilitambua jiwe, jirani akashukuru kwa kupiga makofi, na Emanueli akanisogelea.

"Dada, umekuja kutupimia au kutupokonya?"

"Nimekuja kupima."

Hakunisemesha tena. Krismasi ile niliketi benchi moja kanisani na wake za majirani, si na familia yake, na watoto wake hawakuja Tabora likizo. Misimu mitatu ya kilimo ilipita hivyo. Mnaoingia kazi hii mjue kwamba hilo nalo limo ndani yake, wala hakuna fomu ya kuliombea posho.

Mwezi uliopita simu iliita, ni yeye.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Emanueli."

"Nimepata kiwanja Nzega mjini, karibu na njia panda. Muuzaji anasema bikoni zote nne zipo. Naomba uje unionyeshe kabla sijaweka sahihi."

"Nzega kuna wapimaji, mdogo wangu. Vijana, wana vifaa. Mimi nimestaafu."

"Nimeongea nao wawili. Wa kwanza ananiambia, 'Usijali, kaka, tutakuwekea upande wako.' Wa pili hivyo hivyo. Mimi sitaki mtu wa upande wangu. Nakutaka wewe."

Nilipanda basi la asubuhi siku ya Jumamosi. Bikoni tatu zilikuwapo. Ya nne ilituchukua hadi saa nane mchana, mimi na mtaimbo, yeye na jembe, na tuliikuta hatua tatu ndani ya mahali alipoonyeshwa na muuzaji. Emanueli alipiga magoti, akapangusa udongo kwa kiganja, akanisomea namba tarakimu moja moja, nami nikailinganisha na karatasi. Ilikuwa yenyewe. Alibaki amepiga magoti pale akizitazama zile hatua tatu alizopoteza.

"Kumbe ni kidogo kuliko nilivyoambiwa," akasema.

"Ni kidogo," nikamjibu. "Lakini ukikinunua, chote kitakuwa chako."